Hewa Safi Kupita Kiasi

Mtu mwenye ovaroli ya kijivu aliruka kutoka paa la shule hadi paa la bohari ya jirani, na Sindano akaruka nyuma yake bila kujiuliza mara mbili.

Bati lilinguruma chini ya buti zake.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi walikuwa hawajaanza kufika. Kwa dakika arobaini Sindano alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tangi la maji, macho yake kwenye kabati jeupe la chuma lenye bomba fupi lililochungulia angani. Kituo namba nne. Mtambo wa kupima hewa. Ulivuta hewa wenyewe, ukaipima wenyewe, na kila baada ya dakika tano ulituma namba zake kwa laini ya simu hadi chumba cha udhibiti katikati ya mji. Ulichokuwa ukikitafuta ni aldehaidi, ukoo wa kemikali zinazochoma macho na mapafu. Fomalini ya mochwari imo katika ukoo huo. Kando ya mtambo palikuwa na mirija midogo yenye unga wa rangi ya machungwa. Mirija hiyo ilipelekwa maabara mara moja kwa wiki, ili watu wajue kama mtambo unasema kweli.

Huyu bwana alikuja kuibadilisha mirija hiyo.

"Sindano, hapa Mkuu," sauti ilisema sikioni. "Hali?"

"Niko nyuma yake."

"Namtaka mzima."

"Yeye mwenyewe hataki."

Jamaa alifika ukingoni, akageuka ghafla na kumrushia kisanduku cha barafu alichokuwa amekibeba. Sindano aliinama. Alipoinuka, mtu yule alikuwa ameshashuka kichochoroni kwa bomba la maji ya mvua na yuko juu ya Yamaha iliyoachwa ikiwa imewashwa. Sindano alichomoa Glock, akaulenga mgongo wa kijivu. Mama mmoja mwenye ndoo alitokea mlangoni, katikati ya bunduki na mgongo.

Akaishusha bunduki.

"Amenitoka," alisema. "Lakini kisanduku chake ninacho."

Alikifungua pale pale juu ya bati. Mirija sita, kila mmoja umevingirishwa karatasi ya fedha. Chini ya kifuniko palibandikwa orodha ya saa: siku na dakika ambazo kengele ya kabati lile ingezimwa. Iliandikwa kwa mkono. Kila namba saba ilikatwa kiunoni kwa vistari viwili.

Sindano aliisogeza karatasi karibu na macho.

Alimfahamu mtu mmoja tu duniani aliyekata saba zake namna hiyo. Mtu huyo hukaa naye meza moja kila Jumapili. Ndiye mume wa dada yake.

Mkuu aliuliza ndani ya kisanduku mna nini. Sindano akamjibu kwamba mna mirija sita, basi. Ile karatasi aliikunja mara nne na kuisukuma ndani ya buti.

Kazini walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa tabia yake ya kupenya mahali ambapo wenzake walikwama. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa katika Idara ya usalama. Nyumbani walidhani anafanya kazi ofisi ya bima. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumficha Mkuu kitu.

* * *

Mkemia wa maabara ya manispaa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na uso wa mtu aliyechoka kuchekwa. Yeye ndiye aliyeandika barua. Aliandika kwamba hewa ya kituo namba nne, kilichozungukwa na mabohari na malori ya dizeli, ilikuwa safi kuliko hewa ya ndani ya friji yake. Mabosi wake walicheka wakamwambia ashukuru. Yeye hakushukuru. Mji hauwezi kuwa na hewa safi kiasi hicho, aliandika. Kuna mtu anatuchezea.

Barua ilizunguka meza kadhaa, ikaishia kwa Mkuu. Mkuu hakucheka. Wiki tisa nyuma, mapipa arobaini yaliyopita forodhani kwa jina la gundi yalitoweka, yeye na watu wake wasijue yalikoelekea.

Sasa Mkemia aliiosha kwa dawa mirija ya kweli, ile iliyokutwa ndani ya kisanduku, akaipitisha mashineni, wakangoja. Sindano alitazama saa yake ya Casio. Saa tatu kasorobo. Mstari ulipanda kwenye kioo cha kompyuta, ukashuka, ukapanda tena kama mnara.

Mkemia alivaa miwani. Aliufuata mstari kwa kidole.

"Hiyo siyo gundi," alisema hatimaye. "Ni akrolini. Yumo na ndugu yake fomaldehaidi kidogo, lakini kubwa ni hii. Matone machache yakimwagika chumbani, watu wote wanatoka wakilia. Pipa zima ni habari nyingine kabisa. Hawatoki."

Alieleza kwamba kilichonaswa ni uvujaji tu: mapipa yaliyofungwa vibaya, mahali fulani ndani ya nusu kilomita kutoka paa la shule. Watoto wa pale lazima walikuwa wanafikicha macho kwa miezi miwili.

Sindano alimfikiria dada yake. Dada yake alifundisha darasa la tatu katika shule ile ile. Tangu miezi miwili iliyopita alikuwa anakohoa, na mara moja alianguka ubaoni chaki ikiwa mkononi. Daktari alisema ni pumu ya ukubwani.

"Jambo moja," Mkemia alisema akimsindikiza mlangoni. "Ukiikuta, usifyatue risasi. Mvuke wake unashika moto haraka kuliko petroli."

Alipotoka nje Mkuu alikuwa tayari hewani, na sauti yake ilikuwa imepungua. Saa nne kamili mawaziri wa nchi mbili wangetia saini mkataba wa mpaka katika ukumbi wa manispaa, kilomita moja tu kutoka shuleni. Wapo watu waliouzia pande zote mbili silaha kwa miaka mingi, na amani ile iliwakaa vibaya kooni. Sindano alipouliza kwa nini ukumbi usihamishwe, alijibiwa kwamba watu elfu mbili wameshajaa uwanjani mbele yake. Ukiwaambia wakimbie, unawapeleka wewe mwenyewe kwenye upepo wenye sumu.

"Tupate mapipa," Mkuu alisema. "Mabohari ya eneo lile ni sitini na kitu. Saa nzima haitoshi kuyapekua."

"Najua wa kumuuliza."

"Nani?"

Sindano alivaa kofia ngumu, akawasha Honda yake kabla ya kujibu.

"Fundi mkuu wa mtandao wa vituo. Mwandiko wake ulikuwa ndani ya kisanduku. Nilikuficha."

"Kwa nini?"

"Ni shemeji yangu."

 Mkuu aliuliza kama amwondoe kwenye kazi hii. Sindano akasema hapana. Mtu mwingine angefungiwa mlango usoni, yeye angefunguliwa.

* * *

Chumba cha udhibiti kilikuwa orofa ya tatu ya jengo la zamani la posta. Skrini saba, moja kwa kila kituo. Birika la umeme juu ya kabati la mafaili. Kalenda ya mwaka jana. Shemeji yake alikuwa peke yake, sweta la kijani begani, akipangusa vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya rangi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Vituo vile saba alivijenga kwa mikono yake, vingine kwa vipuri vya mashine za kufulia, na alivizungumzia mezani kama watu wanavyozungumzia watoto wao.

"Shemeji," alisema akitabasamu. "Leo umepotea njia?"

Sindano aliifungua karatasi, akaiweka juu ya kibodi.

Mzee wa watu aliisoma muda mrefu, kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Halafu aliketi.

Hakukana. Alisema mwaka jana mtandao ulikuwa unakufa. Pampu zimechakaa, dawa za kupimia zimekwisha, na wakubwa wamempa barua ya kuufunga. Ndipo akatokea Mhandisi, mgeni mrefu mwenye adabu na kitambaa cheupe mfukoni, akaleta pampu mpya na dawa za mwaka mzima. Ombi lake lilikuwa dogo. Kiwanda chake cha gundi, ndani ya kiwanda cha zamani cha mazulia nyuma ya shule, kingetoa harufu kidogo kwa miezi miwili mitatu. Namba za kituo namba nne zisiwashtue watu. Akikataa, pampu zingeondoka zilivyokuja.

"Nilipima," alisema. "Kituo kimoja kilale, sita vibaki hai. Au vyote saba vife. Ungekuwa wewe?"

"Mke wako yuko chini ya kituo hicho kimoja."

Alitazama chini. Alisema alimwona akikohoa. Alipomwona, alikwenda kwa Mhandisi kugomba, na walikubaliana bila shida: moshi ungetolewa tu wakati upepo unapouchukua mbali na shule. Hata programu aliiandika mwenyewe. Kipima upepo cha kituo namba nne kikionyesha upepo unaondoka shuleni, na ukashika njia hiyo dakika tano mfululizo, mitambo ya kiwandani ingefungua vali.

"Ukiondoka shuleni unakwenda wapi?" Sindano aliuliza.

Aligeukia skrini ya kituo namba nne.  Rangi ilimtoka usoni.

"Ukumbini," alisema.

Sindano alimweleza kilichokuwa ndani ya mapipa. Alimweleza kwa sentensi tatu, kwa sababu muda haukuruhusu nne. Mtu yule alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha, kama fundi, alianza kufanya kazi. Vidole vilikimbia kwenye kibodi. Programu ilikuwa imefungwa. Mhandisi alikuja wiki iliyopita akabadilisha neno la siri, akaiwekea programu siku ya kuanza kazi: leo. Tena alikuwa ameongeza mstari mmoja: mawasiliano yakikatika, vali zifunguke zenyewe.

"Kwa hiyo siwezi kuizima," alisema. "Wala usikate umeme wa kule. Lakini namba za upepo bado zinapita kwangu kabla ya kufika."

Kwenye skrini mshale wa upepo ulikuwa unageuka taratibu. Ulikuwa umeelekea shuleni tangu alfajiri. Sasa ulitetemeka, ukapinda, ukaanza kuelekea ukumbini. Saa tatu na dakika ishirini na tano.

"Umedanganya miezi miwili," Sindano alimwambia. "Danganya dakika ishirini zaidi. Mwambie upepo bado unakwenda shuleni. Usiondoke kwenye kiti hicho."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu wa bima. Nakwenda kutazama hasara."

Wala hakutabasamu.

* * *

Honda ilikata mji kama wembe. Kikosi alichomwomba Mkuu kilikuwa dakika ishirini na tano nyuma. Yeye alihitaji sita.

Kwenye geti la nyuma la kiwanda cha mazulia alisimama jamaa wa ovaroli ya kijivu, sigara haijawashwa mdomoni. Alimtambua Sindano akiwa amechelewa sekunde moja. Sindano alimpiga kwa kofia ngumu kwenye taya, akamlaza chini polepole asipige kelele, akamfunga kwa mkanda wake mwenyewe.

Aliiangalia Glock. Akaiacha chini ya kiti cha pikipiki. Akatoa hapo hapo barakoa ya gesi, akaivaa.

"Shemeji," alisema kwa simu. "Mshale?"

"Wa kweli uko ukumbini, dakika ya saba. Wangu uko shuleni. Nauandika kila baada ya sekunde kumi."

"Endelea."

Ndani palikuwa na giza la kijivu. Mazulia ya zamani yalisimamishwa wima kwa safu, mafungu marefu kama nguzo, yameshikiliwa na kabari za mbao. Nyuma yake mapipa arobaini, yote yameunganishwa kwa mabomba kwenye bomba kuu moja, na bomba kuu likaingia kwenye feni nne kubwa zilizotazama nje. Hewa ilinuka mafuta yaliyoungua. Hata ndani ya barakoa macho yalianza kuwasha.

Mhandisi alikuwa dirishani, naye amevaa barakoa. Mkono mmoja ulishika kompyuta ndogo. Mkono mwingine ulikuwa nje ya dirisha, umening'iniza kitambaa cheupe.

Kitambaa kilipepea kuelekea ukumbini.

Alikitazama. Akatazama kompyuta. Akatazama tena kitambaa, na mabega yake yakajua kabla ya kichwa.

"Shemeji yako ni mwongo mzuri," alisema bila kugeuka, kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Lakini upepo haumsikilizi."

Kumbe alimfahamu. Alimfahamu tangu mwanzo, labda hata kabla ya kuleta pampu. Wazo hilo lilimpita Sindano kama maji ya baridi mgongoni: huenda shemeji yake alichaguliwa kwa sababu yake yeye.

Hakupata nafasi ya kuliwaza. Mhandisi alitupa kompyuta na kukimbilia gurudumu la vali kuu.

Walifika pamoja. Spana ndefu aliyoinyakua Mhandisi juu ya bomba ilipita karibu na sikio la Sindano, ikarudi, ikanasa mkanda wa barakoa na kuung'oa. Barakoa iliruka sakafuni. Hewa ile ilimwingia usoni kama pilipili iliyopondwa. Alimpiga goti, akapigwa begani, akaanguka kwenye mguu wa safu ya mazulia. Kupitia machozi aliona kivuli kinazungusha gurudumu. Mara moja. Mara mbili. Bomba lilianza kunong'ona.

Kabari ya mbao ilikuwa mbele ya pua yake.

Aliipiga teke.

Fungu la kwanza la zulia liliegemea la pili, la pili likaegemea la tatu, kisha safu nzima ikashuka kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi, vumbi la miaka likapanda hadi darini. Alipotambaa kufika pale, Mhandisi alikuwa chini ya mafungu mawili, mkono mmoja tu nje, ukipapasa.

Sindano hakuona kitu tena. Alilishika gurudumu kwa kupapasa, akafumba macho yasiyoona, akazungusha upande wa pili. Mzunguko mmoja. Pafu lake lilikataa. Mzunguko wa pili. Gurudumu liligoma, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote.

Mnong'ono ulikoma.

Alitambaa kufuata ukuta mpaka akasikia jua usoni. Alitapika. Akaitafuta simu.

"Shemeji."

"Nipo. Naandika bado."

"Andika mpaka kikosi kitenganishe mapipa na bomba. Usisimame."

"Sisimami," alisema. Baadaye kidogo, kwa sauti ndogo: "Uko mzima?"

Sindano alikata simu.

* * *

Mkataba ulitiwa saini saa nne na dakika kumi. Watu walipiga makofi. Waliokaa karibu na madirisha ya upande wa shule walilalamika kidogo kuhusu vumbi, wakapangusa macho, wakasahau.

Daktari wa kikosi alimwosha Sindano macho kwa lita nzima ya maji ya chumvi. Akiwa bado amelalia kiti, Mkuu alimpigia. Alisema Mhandisi yuko hai, mbavu tatu, na ameanza kutaja majina. Alisema maofisa walipoingia chumba cha udhibiti, shemeji hakukimbia. Aliomba dakika mbili. Mitambo ilikuwa imehifadhi vipimo vyake vya kweli ndani ya kumbukumbu zake. Alivitoa vyote, miezi miwili kamili, dakika tano kwa dakika tano, akavipandisha kwenye ukurasa wa manispaa ambao kila mtu mwenye simu anaweza kuusoma. Kisha alivua sweta, akalitundika kwenye kiti, akatoa mikono.

"Sasa sikiliza," Mkuu alisema. "Mhandisi peke yake ananitosha. Huyu naweza kumwandika kama mtoa taarifa wetu. Hakuna atakayejua."

 Maji yalikuwa yanamtiririka masikioni, na kwa muda hakuweza kutofautisha ya chupa na yake.

"Niambie tu," Mkuu alisema.

"Andika kilichotokea."

* * *

Shule ilikuwa tupu. Watoto walirudishwa nyumbani kabla ya saa sita, na viti vilipinduliwa juu ya madawati. Dada yake alikuwa kwenye ngazi za darasa la tatu, simu mapajani, kopo la dawa ya kupuliza mkononi. Aliyaangalia macho mekundu ya mdogo wake, na buti zake, na mkwaruzo mbichi sikioni. Hakuuliza habari za bima.

"Nimesoma namba," alisema. "Siku niliyoanguka. Ya saa nne asubuhi ndiyo kubwa kuliko zote."

"Ndiyo, dada."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwetu."

"Atarudi lini?"

"Sijui. Si leo. Si mwaka huu."

Dada alivuta dawa, akaishikilia kifuani, akaitoa taratibu.

"Alijua ninavuta nini?"

Sindano angeweza kusema hapana. Nusu yake ingekuwa kweli.

"Alijua kuna kitu. Hakujua ni kibaya kiasi gani. Hakutaka kujua."

"Na mwisho alisaidia?"

"Bila yeye ningechelewa. Mimi na watu elfu mbili."

 Juu ya paa pampu ya kituo namba nne iliendelea kuguna. Dada alinyosha mkono, akampangusa mdogo wake vumbi la zulia begani, kama alivyokuwa akimfanyia zamani kabla ya kumpeleka shule. Kisha aliurudisha mkono mapajani.

"Jumapili hii usije," alisema. "Siyo kwamba nimekasirika. Usije tu."

"Sawa, dada."

Sindano alisimama. Alivaa miwani yake ya jua, akafunga zipu ya koti mpaka shingoni, akavuka uwanja wa shule kwa hatua zake za kawaida, za mtu asiye na haraka. Hakugeuka. Mlinzi alimfungulia geti, akamuuliza kama hewa sasa ni salama.

Akamwambia afungue madirisha yote ya madarasa, kisha akakanyaga kiki, Honda ikawaka.